Kabari Iliyochomolewa

Kosa lilifanyika kabla ubao haujagusa diski. Mliotazama mninga ule ukipasuliwa kwa msumeno wa meza wa kubebeka mlimwona fundi akiinama, akachomoa kisu cha nyuma ya diski na kukiweka pembeni kana kwamba ni pambo. Mengine aliyafanya vizuri: stendi imetulia, fensi iko sambamba na diski, kijiti cha kusukumia kipo karibu. Hayo hayamwokoi mtu aliyeng'oa kisu. Ubao ukipasuliwa kwa urefu, hasa ukiwa mbichimbichi, mkazo uliokuwa ndani ya mti huachiliwa, na pande mbili hujipinda hadi zikafumba njia ya msumeno. Meno ya mbele hushuka, hivyo huukandamiza ubao mezani. Ya nyuma hupanda. Ubao ukiyabana hayo ya nyuma, huunyanyua na kuurusha kwa aliyesimama mbele. Diski ya inchi 10 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, jino huenda karibu kilomita 190 kwa saa. Hakuna mkono unaowahi kasi hiyo.

Watetezi wa fundi watasema kisu kilikuwa kinakwamisha ubao. Yawezekana, lakini basi lawama ni ya diski. Kisu hutakiwa kizidi unene wa bamba la diski, kisifikie upana wa njia inayokatwa na meno. Ukifunga diski inayokata milimita 2 mbele ya kisu cha milimita 2.2, ubao lazima ukwame, na dawa yake ni kubadili diski. Ndiyo maana napinga kila siku ununuzi wa mashine kwa kuuliza nguvu za mota tu, bila kuuliza unene wa kisu. Wengine watataja uchimbaji wa mifereji, ambapo kisu kinachoizidi diski kwa kimo huuzuia ubao. Hoja hiyo ilikuwa na uzito enzi za visu virefu vilivyobeba kifuniko cha diski. Vya kisasa hupanda na kushuka pamoja na diski, na ncha zake hukaa chini kidogo ya meno ya juu. Isitoshe, mninga ule haukuchimbwa mfereji wowote.

Wapasuaji wa shimoni, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini, walichomeka kabari kila njia ya msumeno ilipoanza kufumba. Hawakuwa na mota ya kuwarushia ubao, na bado hawakuisahau kabari. Kisu kile ni kabari hiyohiyo, imefungwa kiwandani mahali pake, na fundi wetu alihitaji spana kuiondoa.