Kichwa cha Gitaa la Mjomba

Shingo ilivunjika palepale ilipovunjika mara mbili zilizopita, chini kidogo ya kichwa, mahali ambapo mti ni mwembamba kuliko kwingine. Safari hii gundi ilikataa. Gitaa lenyewe ni la kuungaunga. Kiwiliwili alikichonga seremala wa hapa Morogoro kwa mninga, shingo ilitoka kwenye gitaa jingine ambalo hakuna anayelikumbuka, na vyote viwili vimeshikwa kwa skrubu nne. Lilikuwa la mjomba. Kwetu Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo alipofariki hakuna aliyeuliza liende kwa nani.

Skrubu nne maana yake shingo hubadilishwa jioni moja. Kazi ni kuamua ipi iwekwe, na hasa yenye kichwa gani. Hapo ndipo naona wengi tunakosea. Tunakisoma kichwa cha gitaa kama jalada la kitabu: tunatazama umbo, tunataja kampuni, tunakadiria bei. Mjomba alijifunza kwa kuwasikiliza Morogoro Jazz, nami nimekua na nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979. Katika nyimbo zote hizo sijawahi kusikia umbo la kichwa. Nimesikia vidole, na nyuzi zilizotulia kwenye sauti zake mpaka mwisho.

Kichwa cha mjomba kilikuwa cha namna tuliyoizoea kwenye magitaa ya Gibson: kimeinama kwenda nyuma, funguo tatu kila upande. Kwa macho yangu hakuna kizuri zaidi. Mwinamo wenyewe una kazi, kwani huzibana nyuzi kwenye kidaraja cha mfupa kilicho mwisho wa shingo. Lakini ukikichonga kutoka ubao mmoja, nyuzinyuzi za mti hukatwa mshazari penye wembamba uleule. Gitaa likianguka chali, panaachia. Tena nyuzi za katikati hupinda kwenda pembeni mara tu zinapovuka kidaraja. Zinakwama humo, na ukizivuta kwa kidole hazirudi zilipokuwa.

Leo Fender, aliyekuwa fundi redio kabla ya kutengeneza magitaa, alifanya vingine. Kwenye Stratocaster ya mwaka 1954 kichwa ni bapa, funguo sita ziko mstari mmoja, nyuzi zinanyooka. Ni akili ya kiwanda, nami naiheshimu, ingawa nyuzi nyembamba huhitaji kibanio cha kuzishusha. Yapo pia magitaa yasiyo na kichwa kabisa, ya Ned Steinberger. Hayo hutaka daraja la aina yake, nayaacha.

Nasoma shahada ya uzamili ya misitu pale SUA, hivyo marafiki walitarajia nianze na mti. Ulionivuta kwanza ni sedrela, ulioletwa kutoka Amerika ya kitropiki na ambao sasa unaisonga miti ya asili katika msitu wa Kimboza, chini ya Uluguru upande wa Matombo. Mti huohuo ndio mafundi wa magitaa ya Kihispania huutumia kwa shingo. Mvamizi wa msitu wetu awe shingo ya gitaa letu! Hadithi tamu mno, na utamu wake ndio ulionitia shaka. Sedrela ni laini, na magitaa yale hubeba nyuzi za nailoni. Langu lina za chuma. (Na Kimboza ni hifadhi, mtu haingii na shoka lake.) Nimechagua mninga, ambao ukikaushwa vizuri haujipindi ovyo, na juu yake ubao wa mpingo wa kushikilia freti.

Kipimo hakina mjadala. Urefu wa nyuzi za gitaa hili, kutoka kidaraja hadi daraja, ni milimita 628, na shingo za mtindo wa Fender huwa za 648. Ukifunga hiyo bila kuhamisha daraja, kila noti inadanganya, na uongo unakua kadiri vidole vinavyopanda. Kwa macho huoni kitu.

Kwa hiyo nimechora kichwa kilichoinama kidogo, kitakachokatwa peke yake na kuungwa mshazari kwa gundi ili nyuzinyuzi za mti zifuate mwinamo. Funguo tatu kwa tatu, lakini chembamba, nyuzi zipite karibu moja kwa moja. Si Gibson, si Fender. Niliridhika nacho.

Mama aliutazama mchoro kwa muda. "Hiki si cha kaka," akasema.

Tuna picha moja tu ya mjomba jukwaani. Uso umemezwa na giza. Kinachoonekana wazi ni mkono wa kushoto na kile kichwa cha gitaa, vile vibawa vyake viwili. Nilikuwa tayari kumweleza mama habari za nyuzi kukwama, nikanyamaza. Mimi nilikuwa nikisikiliza, yeye alikuwa akimtafuta ndugu yake.

Fundi wa Kihonda ameanza kuranda mninga kwa mchoro uleule wangu. Kichwa cha zamani kiko juu ya kabati la mama pamoja na funguo zake zote sita, ambazo nilipanga kuzitumia tena. Nimeagiza mpya.