Besi ya Pili

Mtu aliyejifunza kupiga gitaa la besi kwa ala ya kwanza, ile ambayo aghalabu hununuliwa ndani ya sanduku moja pamoja na mfuko wa kitambaa, mkanda wa begani na amplifaya ndogo, hufika baada ya muda mahali ambapo vidole vyake vimepita kadiri ya chombo alichonacho. Dalili zake ni dhahiri kwa mwenye kusikiliza. Hukaza nyuzi zake kwa uangalifu mpaka zote nne zikakubaliana, kisha akapanda hadi katikati ya shingo akasikia kuwa sauti imepita haki yake; hubonyeza mahali fulani uzi ukakwaruza chuma; huugusa uzi ule ule kwa nguvu ile ile, noti moja ikatoka kamili na jirani yake ikazimika. Mwanafunzi mwenye haya hudhani kuwa taksiri ni yake, akazidi kujilaumu na kuzidisha mazoezi, ilhali sikio lake ndilo linalosema kweli na ala ndiyo inayomkadhibisha. Hapo huzaliwa haja ya besi ya pili, na hapo huhitajika ufundi ambao nataka kuusifu, yaani ufundi wa kuitambua ala njema miongoni mwa zile zinazouzwa kwa bei ambayo mtu wa kazi anaweza kuimudu.

Wako watu wanaoamini kuwa ala rahisi haiwezi kuwa kitu ila nakala hafifu ya ala ghali, na kwamba mwenye fedha chache hana la kuchagua. Imani hiyo haisimami mbele ya historia ya besi yenyewe. Leo Fender, ambaye mwaka 1951 alitoa katika mji wa Fullerton, jimbo la California, gitaa la besi lililoitwa Precision, hakuwa mchonga fidla aliyerithi siri za mababu. Alikuwa fundi wa redio, na hata gitaa hakujua kulipiga. Kabla yake Paul Tutmarc wa Seattle alikwisha jaribu jambo hilo katika miaka ya 1930, walakini bahati ya soko haikumwendea. Wapiga besi wa zama hizo walibeba besi kubwa ya kusimama, mzigo mzito katika kila safari, isiyo na freti za kuuongoza mkono, na ambayo sauti yake ilimezwa kila waliposhika zamu wapiga tarumbeta. Fender akachukua ubao mzito usio na uwazi ndani, akaufungia shingo kwa skurubu nne, akatia sumaku chini ya nyuzi, na urefu wa uzi unaotetema akaufanya inchi 34, yaani sentimita 86 na ushei, kipimo ambacho hadi leo ndicho mizani ya ala nyingi. Kila sehemu aliikusudia iweze kutengenezwa kwa mashine, ibadilishwe ikichakaa, na inunuliwe na mtu anayeishi kwa ujira wa usiku. Basi besi ya umeme haikuzaliwa kasrini ikateremshwa sokoni. Ilizaliwa karakanani, na ile inayoundwa leo kwa bei ya kadiri nchini Indonesia au China huweza kuwa mwana halali wa fikira ile, maadamu walioiunda wameiunda kwa uaminifu.

Ushahidi wa hayo haukosekani. Mwaka 1982 kampuni ya Fender ilianza kuuza ala zilizoundwa Japani kwa jina la Squier, ambalo zamani lilikuwa jina la watengeneza nyuzi wa Michigan. Bei yake iliwekwa chini ili wenye mifuko myepesi wazifikie, na baadhi ya ala hizo leo hutafutwa na wakusanyaji kwa uzuri wa kazi yake. Yamaha nayo ilikwisha anza ala zake za BB mwaka 1977, na mpaka sasa hutoa za bei mbalimbali chini ya jina hilo.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa peke yake. Kwa miaka mingi mpigaji wa muziki wa dansi wa Tanzania aghalabu hakuwa na ala yake mwenyewe. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, baadaye ililelewa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Na magitaa, ngoma na amplifaya vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mpigaji alipohama, na wengi walihama, aliondoka na vidole vyake akaiacha ala jukwaani. Kadhalika katika taarab ya Unguja besi ya kusimama imekaa nyuma ya fidla, udi na ganuni, ikitunzwa na kikundi zaidi ya kutunzwa na mtu. Wapigaji wale, kwa ala ambazo hawakuzichagua, walituachia mwendo wa besi ambao watu wangali wakiuchezea, na heshima yao haipungui kwa lolote nitakalolisema. Lakini kijana ambaye leo anaweza kuichagua ala yake amepewa hiari ambayo waliomtangulia hawakuwa nayo, na hiari pasipo maarifa humwacha mtu mikononi mwa muuzaji.

Na aanze na shingo. Rangi ya mwili, inayomvuta mnunuzi mchanga kabla ya kitu kingine chochote, haina neno katika sauti. Shingo ndiyo inayokutana na mkono kila noti, na ndiyo sehemu ambayo ikiharibika hakuna tiba rahisi. Ailete ala karibu na shavu, afumbe jicho moja, aitazame shingo kutoka upande wa kichwa hadi mwisho, kama seremala atazamavyo ubao kabla ya kuukata, ili aone kama imejipinda upande. Nyuzi nne za besi zikikazwa barabara huivuta shingo kwa nguvu inayokaribia au kuzidi uzito wa kilo 70, na ndani ya mti imezikwa fimbo ya chuma, inayokazwa na kulegezwa kwa ufunguo, ili kuupinga mvuto huo. Shingo njema haiwi nyoofu kabisa. Huwa na bonde dogo mno, kwa sababu uzi unaotetema hupanuka katikati na huhitaji wasaa wake. Mnunuzi abonyeze uzi mnene juu ya freti ya kwanza na juu ya freti ya mwisho kwa wakati mmoja, atazame uwazi uliobaki karibu na freti ya saba au ya nane. Ukiwa yapata theluthi ya milimita, shingo iko salama. Ukiwa mkubwa kuliko huo, aombe fimbo ikazwe mbele ya macho yake. Na kama fimbo imekwisha kazwa mpaka ukomo wake na bonde lingali pale, airudishe ala kwa heshima, hata kama bei imeshushwa nusu.

Kisha apitishe kiganja kingoni mwa shingo, juu na chini. Mti uliokaushwa kwa pupa kiwandani huendelea kunywea baada ya kuuzwa, na freti, ambazo ni za chuma na hazinywei, zikachomoza ncha zake nje na kuukwaruza mkono. Baada ya hapo apige kila noti ya kila uzi, moja moja, pole pole, kuanzia freti ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuunganisha ala na umeme. Kazi hiyo huchukua muda na huweza kumchosha muuzaji, wala mnunuzi asione haya, kwani fedha inayotoka ni yake. Asikilize noti inayokwaruza na noti inayokufa. Katika shingo nyingi za mtindo wa Fender pana mahali, aghalabu katika uzi mwembamba baina ya freti ya tano na ya saba, ambapo sauti hufifia mapema kuliko jirani zake, kwa kuwa shingo yenyewe hutetema pamoja na uzi na kuila nguvu yake. Kasoro hiyo huonekana hata katika ala za bei kubwa sana. Tofauti ni kadiri yake, na kadiri hiyo hubadilika baina ya ala mbili zilizotoka kiwanda kimoja, kwa jina moja na rangi moja. Kwa hiyo mimi huweka mbele kipande chenyewe kilichomo mkononi, na jina lililoandikwa kichwani hulifanya la baadaye. Zikiwapo tatu za namna moja dukani, azijaribu zote tatu.

Kwenye umeme hukumu yaweza kuwa laini zaidi. Kifundo kinachokwaruza kikizungushwa, tundu la waya lililolegea, waya uliokatika ndani kwa lehemu mbovu, haya ni madogo, na fundi mmoja mwenye chuma cha lehemu huyamaliza kabla ya adhuhuri. Mngurumo ndio wa kuchunguzwa. Umeme wa nchi zetu hupiga mara 50 kwa sekunde, na noti ya G iliyo katika freti ya tatu ya uzi mnene hutetema mara 49. Basi mngurumo wa ala mbovu huketi karibu sawasawa juu ya noti ambayo mpiga besi huitumia kila siku, ukaichafua hata asiyejua sababu akahisi kuwa kuna kitu hakiko sawa. Fender aliutafutia dawa mwaka 1957, alipoigawa sumaku ya Precision vipande viwili, kimoja cha nyuzi mbili nene na kimoja cha nyuzi mbili nyembamba, vilivyozungushiwa waya kwa namna ambayo mngurumo wa kimoja hufuta wa mwenziwe. Jazz Bass, iliyotoka mwaka 1960, ina sumaku mbili kamili, nayo hunyamaza zote mbili zikifunguliwa sawa. Ikifunguliwa moja tu, mngurumo hurudi. Mnunuzi ayajaribu haya kwa amplifaya yenye spika ya kutosha, kwani uzi mnene ulioachwa wazi hutetema mara 41 tu kwa sekunde, na spika ndogo humsikilizisha mtu kivuli cha noti hiyo akadhani ameisikia. Ziko pia ala zenye betri ya volti 9 ndani, ambazo humpa mpigaji uwezo wa kuinua na kushusha sauti nene na nyembamba. Sizilaumu, ila kwa besi ya pili napendelea isiyo na betri, ili mpigaji ajue kwanza kile ambacho vidole vyake vinaweza kukifanya.

Mkono nao una haki yake. Shingo ya Jazz Bass huanza na upana wa milimita 38 kichwani, ya Precision aghalabu huzidi milimita 41, na tofauti hiyo, iliyo ndogo kwa macho, huwa kubwa sana baada ya saa tatu za kupiga. Ala aivae kwa mkanda, aiachie mikono yote miwili. Ikiwa kichwa kinateremka sakafuni peke yake, mkono wa kushoto utafanya kazi ya kubeba badala ya kazi ya kupiga. Paul McCartney alipohitaji besi mjini Hamburg mwaka 1961 aliiacha Fender iliyogharimu yapata pauni 100, akachukua Höfner kwa yapata pauni 30, nyepesi, yenye uzi mfupi wa inchi 30, na yenye umbo lililolingana pande zote, lililomfaa yeye apigaye kwa mkono wa kushoto. Ala hiyo aliyoinunua kwa sababu ya uchache wa fedha imesikika duniani kote. Mwenye mikono midogo asione aibu kuchukua fupi.

Akiniuliza mtu aangalie wapi, nitamwambia aanzie na Squier za daraja la Classic Vibe, na Yamaha BB za bei ya kati, na zile za Sire ambazo tangu 2015 zimetolewa kwa ushirika na Marcus Miller, mpiga besi asiyehitaji kutambulishwa. Na kabla ya zote hizo aangalie iliyokwisha tumika. Mti uliokaa miaka kadhaa umekwisha onyesha tabia yake, na ikiwa shingo haijapotoka mpaka sasa kuna matumaini mema. Asitumie fedha yote katika ununuzi. Sehemu aiweke kwa fundi, kwa sababu ala ya bei ya kadiri aghalabu hutoka kiwandani ikiwa imekusanywa vyema lakini haijarekebishwa: mifereji ya kile kipande kinachozipokea nyuzi kichwani haijachimbwa ya kutosha, nyuzi ziko juu mno, na daraja halijasogezwa ili noti ya freti ya 12 ilingane na sauti ya uzi huo ukiguswa nusu yake bila kubonyezwa. Fundi anayeijua kazi hiyo huketi na ala, akashusha uzi robo milimita, akasikiliza, akapandisha kidogo, akasikiliza tena, akasugua freti moja iliyochomoza mpaka ikalingana na wenzake, na ala iliyoingia mlangoni ikiwa ya kawaida hutoka ikimfuata mpigaji bila ubishi. Uzuri mwingi unaohesabiwa kuwa wa bei kubwa ni kazi ya saa mbili tatu za mtu kama huyo, naye apewe ujira wake kamili bila kubishaniwa.

Zimebaki nyuzi. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown kule Detroit, alitumia Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi nene za bapa ambazo hakupenda kuzibadilisha, akazipiga kwa kidole kimoja cha shahada. Ala hiyo iliibiwa muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1983. Sauti yake, nene na fupi, isiyo na mlio wa chuma, wengi wameitafuta kwa kununua magitaa ya fedha nyingi, na sehemu yake kubwa ilikuwa katika nyuzi na kidole. Mnunuzi wa besi ya pili aulize, kabla ya kulipa, nyuzi zilizofungwa ni za namna gani na zimekaa muda gani, na zikiwa zimechakaa azitoe katika hesabu ya bei, kwani seti nzuri ya nyuzi za besi si gharama ndogo. Za bapa hugharimu zaidi siku ya kwanza, lakini hudumu kwa miaka na huuhurumia mkono na freti. Kwa mtu anayepiga rumba au taarab, hizo ndizo ningezifunga kwanza.