Sheria za Asubuhi

Wabeba mkaa wanaoingia Dar es Salaam kutoka upande wa Kisarawe hawaitwi wanamichezo, wala hakuna anayewapigia makofi. Baiskeli ina magunia mawili, pengine matatu, yamekazwa kwa mipira ya tyubu kuukuu. Mwenyewe ukimtazama kwa nyuma unamwona kichwa tu. Watazame kwenye miinuko ya Pugu. Hawangoji miguu igome. Mlima bado haujakaza, mtu ameshashuka, ameegemeza mzigo kwa gongo lake, anahema taratibu na kutazama magari yanavyopita. Akishuka kwa hiari yake, atapanda tena kwa hiari yake. Akishushwa na mlima, baiskeli hulala na magunia yake katikati ya lami. Nimeendesha masafa marefu peke yangu na nimesoma habari za waliokwenda mbali kuliko mimi, lakini kushuka mapema namna ile sijaona kukifanywa kwa ustadi zaidi mahali pengine.

Huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu hapa: ufundi wa kuchoka. Nguvu za miguu zinapata wasifiaji wengi, na spidi pia. Mwaka 2015 Mark Beaumont wa Scotland alitoka Cairo hadi Cape Town kwa baiskeli, akipita Tanzania, kwa siku zisizofika 45. Namvulia kofia, lakini yake ni kazi nyingine. Mimi namzungumzia msafiri asiyeshindana na saa, aliyefunga begi kwenye keria na kuondoka peke yake, mwenye kazi moja tu kubwa, nayo ni kuhakikisha kesho anaweza kuamka na kuendelea.

Shida ya kuwa peke yako ni hii. Mkiwa wawili, mmoja huchoka kabla ya mwenzake, na yule mwenye nafuu humwambia mwenziwe, "Ndugu yangu, hebu tukae kivulini kidogo." Ukiwa peke yako, anayepaswa kuamua kama unapumzika ndiye huyohuyo aliyechoka. Na mtu aliyechoka ni hakimu mbovu. Atasema bado kidogo tu wakati amekwisha, au atasema basi nimeshindwa wakati anachohitaji ni chapati mbili na chai. Kwa hiyo fundi hamwachii hukumu huyo mtu wa saa tisa alasiri. Humtungia sheria asubuhi, kichwa kikiwa bado kimepoa.

Chukua barabara ya TANZAM, kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, zaidi ya kilometa 800. Hadi Morogoro inakuchosha kwa magari kuliko kwa milima. Malori ya Zambia na Kongo yanakuja nyuma yako mfululizo, na sikio la kulia halipati likizo: hili ni basi, hili ni lori lenye tela, hili halipunguzi mwendo, toka barabarani. Ukifika jioni unashangaa mbona mapaja yana nguvu na wewe mwenyewe huna. Maelezo yapo. Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake nchini Uingereza waliwapa watu kazi ya kuchosha akili kwa dakika 90 mbele ya kompyuta, kisha wakawapandisha kwenye baiskeli ya mazoezi. Walisalimu amri mapema, kwa kama asilimia 15, kuliko siku waliyokaa kutazama filamu za kawaida. Mapigo ya moyo na vipimo vya misuli havikueleza tofauti ile. Kazi ilikuwa ileile, ila waliiona nzito zaidi. Kwa hiyo kituo cha dakika kumi mbali na barabara, mahali usiposikia injini, ni mapumziko ya miguu vilevile, hata kama miguu haikuomba.

Katika hifadhi ya Mikumi, kilometa kama 50, akili inafanya kazi nyingine tena. Vibao vinaorodhesha faini za kugonga wanyama, twiga huyu bei hii, tembo yule bei ile. Havisemi chochote kuhusu mnyama akikugonga wewe. Hapo hakuna anayesikia uchovu. Unausikia ukishatoka, mjini Mikumi, wakati mikono inatetemeka ukijaribu kushika kikombe.

Kisha Ruaha Mbuyuni. Bonde la mibuyu, vitunguu vimepangwa kando ya barabara, joto limekaa juu ya lami kama mtu aliyelipia kiti. Hapa ndipo chakula na maji vinapotaka sheria kali kuliko vyote. Akiba ya wanga mwilini mwa mtu mzima aliyeshiba ni kama gramu 500, kwenye misuli na ini. Ukikaza pedali kwa nguvu huisha ndani ya saa mbili hivi. Na utumbo hauwezi kupokea zaidi ya gramu 60 hadi 90 kwa saa. Maana yake deni la chakula halilipwi kwa mkupuo. Ukiruka mlo wa saa nne asubuhi, sahani ya wali ya saa nane haikurudishi ulikokuwa, itakulaza tu. Kwa hiyo unakula kwa saa, hungoji njaa: ndizi mbivu, karanga, kipande cha muhogo wa kukaanga, kashata mfukoni. Unatafuna hata kama hutaki, na hasa kama hutaki, maana kwenye joto kali hamu ya chakula huwa ya kwanza kukimbia.

Maji nayo yana hila yake. Shati likianza kuchora mistari myeupe mgongoni, ile ni chumvi yako, na ukiendelea kujaza tumbo maji matupu unaipunguza iliyobaki kwenye damu. Dawa yake kila mama aliyewahi kupeleka mtoto mwenye kuhara zahanati anaijua: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Wauza vinywaji vya wanamichezo hawatafurahi kusikia hivyo.

Mimi nina kipimo changu kingine, ambacho hakimo vitabuni. Mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi la duka, bondeni huko, baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Dar. Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi. "Sasa mwanangu," akasema, "unamkimbia nani?" Nilicheka hadi nikalazimika kukaa. Tangu hapo swali la namna hiyo, ambalo barabara zetu zinaliuliza kila kijiji, nimelifanya kipimo. Likinichekesha, niko sawa. Likiniudhi, au watoto wanaopiga kelele "baiskeli! baiskeli!" wakinikera, sina haja ya kujichunguza tabia. Sijala. Hasira hufika kabla ya njaa yenyewe, na anayeijua hushuka akanunua ndizi badala ya kuwanunia watoto wa watu.

Mbele kuna Kitonga. Waliopita kwa basi wanaikumbuka: ukuta wa mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, mengine yameegeshwa na mawe chini ya magurudumu. Mtu wa saa kumi jioni, akifika Mahenge chini ya mlima na jua bado liko juu, atataka kupanda ili amalize. Sheria ya asubuhi inamkatalia. Kitonga inapandwa alfajiri, baada ya kulala, hewa ikiwa na ubaridi na tumbo likiwa na uji. Kwa hiyo unatafuta gesti, unaoga maji ya ndoo, unajilaza wakati wengine bado wanacheza bao nje, na unaona aibu kidogo. Vumilia aibu hiyo. Asubuhi unaweka gia nyepesi kuliko unavyodhani unahitaji, miguu inazunguka haraka bila kusukuma, na panapozidi ukali unashuka na kukokota. Kushuka si kushindwa. Waulize wa Pugu.

Juu kuna Ilula na nyanya zake, na unadhani umefika Iringa. Hujafika. Barabara kuu inapita chini, Ipogolo, na mji wenyewe umekaa kilimani, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kilima hicho ni kifupi ukikilinganisha na Kitonga, lakini nadhani kimewaliza wengi zaidi, kwa sababu mtu alishajipa ruhusa ya kufika. Mwili hufunga duka ukiambiwa tumefika. Asubuhi, basi, usiuahidi Iringa. Uahidi kilima cha Ipogolo.

Baada ya Mafinga ni baridi na misonobari ya Sao Hill, kisha Makambako, na Makambako ni upepo. Huo nauogopa kuliko milima yote. Mlima una kilele, unaweza kukihesabia kona. Upepo wa uso hauna pa kuishia, hauonekani, na haukupi mteremko wa kukufidia. Huko nimejifunza sheria ambayo naithamini kuliko nyingine zote: uamuzi wa kuacha safari haufanywi ukiwa juu ya pedali, wala kabla ya kula, wala kabla ya kulala usiku mmoja. Mtu akishakula, akalala, akaamka na bado anataka kuacha, basi aache.

Na kuacha nako kuna watu waliokufanya kwa heshima. Dervla Murphy aliondoka Ireland Januari 1963, katika baridi kali, akafika India kwa baiskeli aliyoiita Roz, ambayo kwa makusudi aliiondoa gia. Hakuna anayembeza kwa uvivu. Lakini theluji ilipomzidi alidandia lori, na Afghanistan alipanda basi. Tena ni ndani ya basi, si kwenye baiskeli, ndimo alimovunjwa mbavu kwa kitako cha bunduki. Aliandika yote hayo bila kujitetea.

Kwa hiyo ikifika hapo, pale stendi ya Makambako, mabasi ya Mbeya yapo. Baiskeli itaingia kwenye buti ukiondoa gurudumu la mbele. Konda atataja nauli ya mzigo inayokaribia ya abiria, na atakuwa ameshakuona usoni kwamba huna nguvu za kubishana. Kula kwanza, ndipo umfuate.