Ardhi na Usahaulifu: Tathmini ya Tamthilia ya Runinga "Little House on the Prairie"

Mhakiki anayerejelea tamthilia ya runinga iliyopendwa na kizazi kilichomtangulia hukabiliwa na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuisifu kwa maadili yake, hasa pale ambapo tamthilia za leo zinaonekana kuyapuuza. Cha pili ni kuitupilia mbali kwa misingi kwamba itikadi yake imepitwa na wakati. Makala haya yanachunguza Little House on the Prairie, tamthilia ya kifamilia iliyoonyeshwa na shirika la NBC nchini Marekani kati ya mwaka 1974 na 1983, na kufuatiwa na filamu tatu za kuhitimisha mwaka 1983 na 1984. Swali la iwapo ingali na thamani limeibuka upya tangu mwaka 2025, kampuni ya Netflix ilipotangaza kwamba ingekiunda upya kisa hicho. Tunadai kwamba tamthilia hii ingali na uzito, na kwamba uzito huo unatokana na suala la ardhi, ambalo watazamaji wengi hawalitaji wanapoikumbuka.

Tamthilia ilitokana na vitabu vya Laura Ingalls Wilder, na imebeba jina la kimojawapo kilichotolewa mwaka 1935. Inasimulia maisha ya Charles Ingalls, mkewe Caroline na binti zao, walowezi maskini wa karne ya 19 wanaotafuta makao magharibi mwa Marekani. Michael Landon, aliyeigiza nafasi ya Charles, alikuwa pia mtayarishaji mkuu, na aliandika na kuelekeza vipindi vingi.

Tuanze na sifa zake. Katika kipindi cha kwanza cha mfululizo, "A Harvest of Friends" (1974), Charles anapata mbegu na plau kwa makubaliano ya kulipa kwa kazi, huku fahali wake wakiwa dhamana. Anavunjika mbavu, kazi inamshinda, na mkopeshaji anakuja kuwachukua fahali. Wanakijiji ndio wanaojitokeza kuyapanga magunia yaliyosalia. Utatuzi huu una utamu wa kupita kiasi, lakini msingi wake ni imara: upendo wa familia unasawiriwa kupitia deni, jasho na hofu ya kufilisika. Baba anapendwa kwa sababu anaonekana akifanya kazi. Mtazamaji yeyote aliyelelewa katika nyumba ambamo karo ilisubiri mavuno anaelewa mantiki hii bila kufafanuliwa.

Aidha, tamthilia ilithubutu kuugusa ubaguzi wa rangi. Katika "The Wisdom of Solomon" (1977), mvulana mweusi anauliza iwapo ni heri kuishi miaka 100 ukiwa mweusi au miaka 50 ukiwa mweupe. Swali lenyewe lina nguvu kuliko faraja yoyote inayofuata. Ni dhahiri, basi, kwamba watunzi hawakukosa ujasiri. Kinachohitaji kuelezwa ni kwa nini ujasiri huo ulipungua walipofika kwenye suala la ardhi.

Filamu ya utangulizi, iliyoonyeshwa Machi 1974, inawapeleka Ingalls hadi Kansas, katika ardhi ya Waosage. Wanajenga nyumba, wanalima, kisha askari wa serikali wanafika na kuwaamuru waondoke kwa kuwa ardhi hiyo ni ya wenyeji wa asili. Familia inapakia mizigo na kuiacha jasho yake nyuma. Mtazamaji anaalikwa kuwalilia walowezi. Historia, hata hivyo, ilikwenda kinyume. Mwaka 1870 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowaondoa Waosage Kansas na kuwahamishia katika eneo ambalo leo ni sehemu ya jimbo la Oklahoma. Waliopoteza ardhi walikuwa wenyeji. Familia halisi ya Ingalls, iliyoondoka Kansas mwaka 1871, ilikuwa imejenga bila idhini katika ardhi ya wengine. Tamthilia imechukua msiba wa Waosage na kuwavisha walowezi.

Mbinu hiyo hiyo inaendelea Minnesota, katika kijiji cha Walnut Grove, ambako sehemu kubwa ya kisa inatendeka. Wahusika husafiri mara kwa mara hadi Mankato kupeleka bidhaa au kutafuta huduma za mjini. Katika usimulizi, Mankato ni mji tu. Lakini ni mji huo ambamo Wadakota 38 walinyongwa kwa siku moja, tarehe 26 Desemba 1862, baada ya vita baina yao na walowezi, na mwaka uliofuata sheria ya Bunge ikawafukuza Wadakota kutoka Minnesota. Walnut Grove ya tamthilia inaanza takriban miaka kumi na miwili baadaye. Bonde tulivu linalofungua kila kipindi ni bonde lililokwisha kuhamishwa watu.

Kwa msomaji wa Kenya, usimulizi wa aina hii si mgeni. The Flame Trees of Thika, kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959 kilichogeuzwa kuwa tamthilia ya runinga nchini Uingereza mwaka 1981, nacho kinaifuata familia ya walowezi wenye bidii, safari hii katika nchi ambamo sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilikuwa karibu kuwafanya Waafrika wapangaji wa Taji la Uingereza. Katika kazi zote mbili, jicho la mtoto linafanya kazi ya kiitikadi: mtoto hawezi kuulizwa hati ya shamba, kwa hivyo anachokiona kinakuwa halali.

Hata hivyo, hoja inayoifanya Little House istahili kutazamwa tena iko katika The Last Farewell, filamu iliyoonyeshwa Februari 1984, ambayo ndiyo inayofunga kisa. Tajiri aitwaye Nathan Lassiter anafika Walnut Grove akiwa na uthibitisho kwamba ardhi yote ya kijiji ni mali yake. Sheria iko upande wake, na askari wanakuja kuitekeleza. Wanakijiji, ambao wameishi, wakaoa na kuzika hapo, wanaambiwa kwamba hawana haki yoyote. Wanaamua kuyalipua kwa baruti majengo waliyoyajenga kwa mikono yao, na kuliacha kanisa na nyumba ndogo ya akina Ingalls. Landon, aliyeiandika na kuielekeza filamu hiyo, alitumia fursa ya kwamba mandhari ya uigizaji huko California yalipaswa kubomolewa ili ardhi irudishwe ilivyokuwa.

Tukizisoma filamu hizi mbili pamoja, tunapata kinaya ambacho tamthilia yenyewe haikitamki. Walowezi waliamini kwamba anayelima ndiye mwenye shamba. Mwishowe wanakutana na sheria isiyojali jasho, ile ile iliyowaondoa waliokuwepo kabla yao. Kilio chao ni cha kweli, na yeyote aliyeshuhudia maskwota wakifurushwa kwa sababu ya hatimiliki iliyotolewa ofisini mbali na shamba atakitambua. Kinachokosekana ni mhusika mmoja wa kusema kwamba hii si mara ya kwanza bonde hilo kuhamishwa. Kwa kuwa hayupo, mlipuko unabaki kuwa tendo la kishujaa, ilhali ungekuwa utambuzi.

Baadhi ya wahakiki wanapendekeza kazi kama hizi ziwekwe kando. Mwaka 2018 chama cha wakutubi wa watoto cha Marekani kililiondoa jina la Wilder kwenye tuzo yake, kwa sababu ya jinsi vitabu vyake vilivyowasawiri wenyeji wa asili na watu weusi. Uamuzi huo ulikuwa na msingi, kwani tuzo ni heshima. Kutazama na kufundisha ni jambo jingine. Mwanafunzi wa fasihi akionyeshwa filamu ya utangulizi pekee atajifunza kuwahurumia Ingalls. Akionyeshwa ya mwisho pekee, atajifunza kumchukia Lassiter. Akizitazama zote mbili, na ramani ya Minnesota ya mwaka 1862 mezani, ataweza kuuliza ni nani aliyekuwa Lassiter wa Wadakota. Tamthilia inayoweza kuzaa swali hilo darasani haijazeeka, hata kama waliotunga hawakuliuliza.