Kipimo cha Nyungu

Juni na Julai baridi ya Mbinga haina mzaha. Ukungu unalala Umatengo mpaka saa tatu asubuhi, wachuma kahawa wanaingia shambani na makoti, na karibu kila nyumba ina mtu anayepiga chafya. Vidonge vya mafua viko madukani, tena vya kila rangi, ila nyumba nyingi bado zinaanza na nyungu, yaani kujifukiza mvuke wa majani. Nimeona nyungu nyingi zilizopikwa ovyo, na kwa sababu hiyo nikimpata anayeijua kazi hii hukaa kumtazama, hata kama siumwi chochote.

Mmoja wao ni bibi wa upande wa Litembo. Kwake mikaratusi imejaa, mti uliotoka Australia na sasa unapandwa kwa kuni na nguzo, kwa hiyo majani si ya kuhangaikia. Hata hivyo hachumi ovyo. Ya kando ya barabara anayapita kwa sababu ya vumbi, na machanga anayaacha. Anavuta tawi, anasugua jani moja kwa kidole gumba, ananusa, anaachia. Anahamia tawi jingine. Jani analolitaka ni lile lililokomaa, ambalo harufu yake inafika puani kabla mkono haujafika. Harufu hiyo inatokana hasa na sineoli, mafuta yaleyale ambayo viwanda huyatia kwenye dawa za kupaka kifuani.

Mikaratusi inatangulia chunguni kwa kuwa jani lake gumu huvumilia moto. Majani ya mlimau yanafuata. Mchaichai unasubiri hadi maji yameshachemka, unakunjwa mara mbili, unatumbukizwa, na kifuniko kinarudi hapohapo. Ukiuweka mapema, harufu yote inaishia jikoni na mgonjwa anabaki na mvuke wa majani matupu. Kuna wanaochanganya vitunguu saumu, pilipili, maganda ya nanasi na kila kilichopo kikapuni. Hao sijui wanapika dawa au mboga. Bibi huyu hazidishi aina tatu.

Chungu nacho kina maneno yake. Sufuria ya alumini ni nyepesi, goti likiigusa inapinduka, na mdomo wake mpana unamwaga mvuke wote kwa pumzi chache kisha maji yanapoa. Chungu cha udongo kina tumbo pana na mdomo mdogo, ni kizito, tena kinatunza moto. Huku kusini sifa ya vyungu wanayo wanawake wa Kikisi, wa kandokando ya Ziwa Nyasa upande wa Ludewa na Matema. Wanavifinyanga kwa mkono, bila gurudumu, na tangu zamani vimekuwa vikisafiri kwa mitumbwi na maboti kwenda masoko ya ufukweni. Bibi anakitua chake chini, juu ya ngata ya kitambaa, anakitikisa kidogo kuona kama kimekaa. Kisicheze hata kidogo. Hapo ndipo mgonjwa anapoitwa.

Mgonjwa anakaa kwenye kigoda, miguu imetanuka, blanketi linamfunika yeye na chungu. Wengi wetu tungefunua chungu chote kwa mara moja, uso ukapigwa na mvuke, tukaruka nje tukilia machozi. Bibi anapitisha mkono chini ya blanketi na kusogeza kifuniko upana wa kidole tu. "Vuta kwa pua, mjukuu wangu, toa kwa mdomo. Macho fumba." Anasikiliza. Pumzi zikiwa fupifupi anajua moto umezidi, anarudisha kifuniko. Zikirefuka, anaongeza upana wa kidole kingine. Jikoni kwake hakuna saa. Anafuata pumzi za mgonjwa na jasho la shingoni, ambalo analipapasa kwa nyuma ya kiganja. Likishatiririka, inatosha. Blanketi haling'olewi ghafla: linashushwa mabegani kwanza, mtu anakaushwa, anavalishwa nguo kavu, ndipo anapewa kikombe.

Kikombeni mna tangawizi iliyopondwa, si iliyokunwa, asali ya miombo na ndimu. Asali inaingia mwisho, kinywaji kikiwa cha kunyweka tayari. Mtoto asiyetimiza mwaka hapewi asali kabisa, na hospitali nazo zinakataza, maana inaweza kubeba vimelea vya botulizimu ambavyo tumbo changa haliviwezi.

Je, inaponya? Mafua yanaletwa na virusi vya aina zaidi ya 200, na hakuna aliyepata dawa ya kuvimaliza. Waingereza walifungua kituo cha utafiti wa mafua Salisbury mwaka 1946, wakakiendesha kwa zaidi ya miaka 40, wakakifunga bila dawa hiyo. Majaribio ya mvuke nayo hayajatoa jibu moja. Lakini mwaka 2008 watafiti wa Cardiff waliwapa watu 30 wenye mafua kinywaji cha matunda, cha moto au cha joto la kawaida. Vipimo vya hewa puani havikuonyesha tofauti, ila wagonjwa wenyewe walisema cha moto kimewapunguzia kikohozi, chafya, maumivu ya koo na uchovu. Kwangu hiyo inatosha. Mafua yanaondoka yenyewe baada ya siku saba hadi kumi, na kazi ya bibi ni kufanya siku hizo zibebeke. Mwaka 2020 viongozi walipoipigia debe nyungu kama kinga ya korona, iliwekewa mzigo ambao wapishi wake wazuri hawakuwahi kudai kwamba inauweza. Mwaka huohuo madaktari wa hospitali ya watoto Birmingham waliandika kuhusu ongezeko la watoto waliounguzwa na maji ya kujifukizia. Kwa bibi wa Litembo mtoto mdogo haingii chini ya blanketi. Anapakatwa na mama yake chumba hichohicho, mbali na chungu, anusie kwa mbali.

Ukiteremka kilomita 66 za lami hadi Mbamba Bay, nyungu inabadilika. Baridi hakuna, kuna mwera, upepo wa kusini unaochafua ziwa na kuwarudisha wavuvi wakiwa wamelowa. Mikaratusi inapungua, kivumbasi na majani ya mwembe vinachukua nafasi yake, na badala ya tangawizi unaletewa supu ya samaki iliyokamuliwa ndimu na kupondewa pilipili, inayokutoa kamasi bila kuomba ruhusa. Mvuke wenyewe hauchukui muda, kwa kuwa katika joto lile jasho liko jirani.

Ila huko ufukweni wanaojua wana hatua moja inayotangulia majani na kuni. Wanamshika mgonjwa paji la uso. Pua inachuruzika na mwili umepoa, chungu kinabandikwa. Mwili unachemka, viungo vinauma na mtu anatetemeka juani, chungu kinabaki kilipo na mgonjwa anapelekwa zahanati kutobolewa kidole apimwe malaria, kwa sababu ziwa lile lina mbu, na homa ya namna hiyo haisubiri mchaichai uchemke.