Majoka na Kioo Chake: Unarsisi katika Kigogo

Mhusika Majoka katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea amehakikiwa mara nyingi kwa maneno yale yale: mbinafsi, katili, mwenye tamaa, mwenye majivuno. Sifa hizo ni sahihi na kila moja ina ushahidi. Ila zimepangwa kama bidhaa dukani, haisemwi kinachoziunganisha. Siku hizi wanafunzi wetu wa Jericho, Umoja na Kayole wamepata neno la kuziunganisha. Kaka zao wangesema Majoka "anajiskia". Wao huandika kwamba ni "narsisisti", neno waliloliokota kwenye simu, na wengine humbandika nalo baba, mpenzi hata mwalimu wa zamu. (Anayemwita baba yake hivyo huenda anatueleza jambo zito. Tumsikilize kabla ya kumsahihisha.)

Neno lenyewe lina asili katika visasili vya Kigiriki. Narcissus alikuwa kijana aliyeipenda sura yake majini hadi akafia ukingoni. Madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza kasoro hii ya haiba katika mwongozo wao mwaka wa 1980. Toleo la mwaka wa 2013 linataja dalili 9, na mtu hahesabiwi kuwa nayo hadi awe na angalau 5, tena za kudumu: kujikweza, kiu ya kusifiwa, kuota uwezo usio na mpaka, kuwatumia watu, kutohisi uchungu wa mwingine, na kadhalika. Anayezisoma akimfikiria Majoka atakubali upesi. Shule yake inalibeba jina lake mara mbili, Majoka and Majoka Academy. Soko la Chapakazi linafungwa, na mwanafunzi ambaye mama yake anauza mitumba Gikomba hahitaji mwalimu wa kumweleza maana ya hilo. Ashua anapofika ofisini na shida zake, Majoka hazioni shida; anamwona mwanamke aliyemkosa akaolewa na Sudi.

Hata hivyo, mtahiniwa akiandika "Majoka ana ugonjwa wa unarsisi" na kuishia hapo, hajahakiki. Kumpima mtu akili ni kazi ya daktari wa Mathari aliyeketi na mgonjwa wake, ilhali Majoka hana maisha nje ya kurasa alizoandikiwa. Hilo ni dogo. Zito zaidi ni kwamba ugonjwa humpunguzia mtu lawama. Kufunga soko si dalili ya maradhi. Ni uamuzi wa kisiasa, nao una wanaofaidika.

Hapa ndipo neno hili linapoweza kutufaa, tukilitumia kuwatazama waliomzunguka Majoka. Mtu wa namna hii hawezi kujiabudu peke yake. Anahitaji kioo, yaani watu wa kumrudishia sura anayoitaka. Kenga ndiye kioo hicho, mshauri asiyemwambia mkubwa wake ila lile atakalo kusikia. Ndiyo maana suala la kinyago lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Utawala unataka shujaa wake achongwe kwa ajili ya sherehe za uhuru, na Sudi anakataa, ahadi za neema zisimshawishi. Wanaosema Sudi ni "mkaidi" wanaliona tendo tu. Mchongaji huyu amekataa kutengeneza kioo. Boza hana shida kuchonga, na tofauti yao inastahili aya nzima katika jibu lolote kuhusu Majoka, ingawa swali halikuwataja.

Tazama pia anavyoanguka. Majoka hatibiwi wala hatubu. Watu wanamwacha na kumwendea Tunu, Kingi anakataa kuwafyatulia wananchi risasi, na Kenga mwenyewe anamgeuka. Kigogo anabaki na nafsi yake bila wa kuitazama.

Ingawa Kigogo si kitabu teule tena, ningependa wanaofunza uhakiki wa wahusika walirejelee onyesho la ambulensi, ambalo huharakishwa kwa kudhaniwa ni njozi tu. Majoka amezirai, anazungumza na Babu. Kwa mara moja anakutana na mtu asiyemsifu wala kumwogopa, naye hayupo ila ndotoni.