Kurasa 128 Bila Neno, na Pumzi Imenikata!

Nimekifunga sasa hivi na mikono inataka kukifungua tena! The Arrival, riwaya ya michoro ya Shaun Tan wa Australia, ilitoka mwaka 2006, lakini usiku huu kwangu ni ya moto kama mkate uliotoka tanuruni.

Ukurasa wa kwanza una visanduku tisa tu: ndege wa karatasi, saa, kofia, sufuria, mchoro wa mtoto, birika, kikombe, sanduku la safari, picha ya familia. Basi! Hakuna aliyefungua kinywa, na tayari unajua kuna baba anayeondoka nyumbani. Mbele kidogo, juu ya mapaa ya mji wake, unajinyonganyonga mkia mweusi wenye miiba, mkubwa kuliko mtaa mzima. Ni vita? Ni njaa? Ni udhalimu? Tan haelezi, na kila aliyewahi kukimbia kwao ataujaza mkia ule kwa hofu anayoijua.

Halafu bahari. Siku za safari zimegeuzwa mawingu 60, visanduku 60 vidogo. Niliyatazama moja moja.

Na mji anaofikia, jamani! Sanamu ndefu kama milima, matunda yenye maumbo ya ajabu, mnyama mweupe anayeibuka chunguni na kugoma kuondoka. Mabango yameandikwa kwa herufi alizozibuni Tan mwenyewe, kwa hiyo hata msomi wa lugha kumi hapati kitu. Hapo ndipo kitabu kiliponishika kooni. Mgeni haelewi, nami sielewi! Akitaka chumba, anachora kitanda kwenye daftari. Akipewa kazi ya kubandika mabango, anayabandika juu chini, nami nisingejua kwamba amekosea. Maneno yangetutenganisha, yangeniweka pembeni nikimhurumia. Ukimya umenishusha melini pamoja naye.

Michoro ni ya penseli, hudhurungi kama picha za albamu ya babu, na haikutokea hewani: Tan alizama katika picha za wahamiaji waliopitia Ellis Island, New York. Baba yake mwenyewe alihamia Australia kutoka Malaysia. Kazi ilimchukua miaka minne, na inaonekana katika kila mkunjo wa koti. Ndiyo maana majitu yanayofyonza watu mitaani yanatisha kweli. Nguo na nyuso ni za watu halisi, hivyo ndoto inaaminika.

Tamasha la vitabu vya michoro la Angoulême, Ufaransa, lilikipa tuzo ya albamu bora mwaka 2008. Kingepewa mbili, ningeshangilia!

Mwisho siusemi. Kitafute, ukipate, kisha mkalishe bibi asiyejua kusoma na mjukuu wa darasa la pili, uwaachie. Hawahitaji mfasiri. Watabishana juu ya yule mnyama mpaka chakula kipoe!